Unga wa Kutosha

Kadi yenyewe, ya maelekezo ya kuoka biskuti, ni ndogo kuliko kiganja changu. Imeandikwa kwa wino wa bluu, mistari tisa tu, na pembeni ina doa la siagi lililoifanya karatasi ipitishe mwanga. Siagi vikombe 3. Sukari ya kahawia 6. Mayai 6. Mtindi 3. Magadi soda vijiko vya chai 3, bekingi pauda 6. Chumvi. Vanila. Halafu mstari wa mwisho: unga wa kutosha.

Basi. Hakuna joto la oveni wala dakika. Hakuna neno hata moja la kusema kipi kinatangulia. Nilipokabidhiwa niliigeuza nyuma, nikidhani maelezo yako upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Ninaishi Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Jina la mahali hapa nililijua kabla sijajua kusoma. Nimezaliwa Shirati, mkoani Mara, kule ziwani karibu na mpaka wa Kenya, na Shirati ndiko wamisionari wa kwanza wa Kimennonite walikofikia mwaka 1934, wakitokea hukuhuku Lancaster. Kwa bibi yangu hili halikuwa jina la mji. Lilikuwa jina la kwao wale mabibi wa Kizungu waliofunika nywele kwa vitambaa vyeupe vyepesi, waliofundisha wasichana kushona na kutibu vidonda. Siku Zedekiah Kisare alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa letu, mwaka 1967, bibi alikuwa miongoni mwa wapishi. Hadi anafariki alikuwa akipima ukubwa wa shughuli yoyote kwa masufuria ya siku ile. Harusi ikiwa kubwa angesema, "Hii inakaribia nusu ya askofu."

Nimemtaja bibi mapema kwa sababu bila yeye nisingeielewa ile kadi.

Aliyenipa ni mama mmoja wa Kiamishi ambaye shamba lake liko mashariki ya mji, ukifuata Njia ya 340 kuelekea Bird-in-Hand. Huuza mayai na mtindi pale getini, kisanduku cha pesa kikiwa wazi juu ya meza na hakuna anayekilinda. Waamishi na Wamennonite ni watu wa ukoo mmoja wa imani, ila si kitu kimoja, na huku watu huwachanganya kila siku. Wote wametoka kwa Waanabaptisti wa Ulaya wa karne ya 16, wale waliokataa ubatizo wa watoto wachanga na wakauawa kwa ajili hiyo. Mwaka 1693 waliomfuata mzee Jakob Ammann, Uswisi na Alsace, walijitenga wakitaka nidhamu kali zaidi ndani ya kanisa. Karne iliyofuata wakaanza kuvuka bahari kuja Pennsylvania. Hadi leo nyumbani wanazungumza Kijerumani chao, wanasafiri kwa magari ya farasi ambayo hapa Lancaster ni ya rangi ya kijivu, na hawaungi nyumba zao kwenye nyaya za umeme wa mtaani. Wamisionari waliokuja kwetu walikuwa Wamennonite. Waamishi hawana desturi ya kwenda kuhubiri mbali. Mimi nimekutana nao kwa sababu ya mtindi.

Nilikuwa nimeonja biskuti zake mara moja. Ni biskuti nene, laini, pana kama mdomo wa kikombe, juu zimepakwa aisingi ya rangi ya chai ya maziwa. Ukiuma, meno yanapita bila kelele. Aisingi inavunjika kidogo kwa juu kisha inayeyuka, na inaacha ladha niliyokuwa naijua kabisa bila kuweza kuitaja. Nilikaa na ladha ile wiki nzima. Wiki iliyofuata nikamwomba maelekezo, akaingia ndani akatoka na kadi.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilitafuta mapishi yanayofanana, nikaona wengi wanasema unga vikombe 12 kwa kiasi kile, nikapima 12 kwa uangalifu mkubwa. Zikatoka kavu, ngumu pembeni, zimesimama vilevile nilivyozidondosha kwenye trei, kama mawe ya figa. Nilizipaka aisingi hivyo hivyo, watoto wakala aisingi wakaacha biskuti.

Siku hizi naelewa kosa lilikuwa wapi, na naomba nilieleze vizuri maana limenigharimu siagi nyingi. Kikombe cha kupimia si kipimo cha unga. Ukikichovya kikombe ndani ya pakiti na kushindilia, unapata kama gramu 150. Ukiuchota unga kwa kijiko na kuumimina polepole, kikombe hichohicho kinabeba gramu 120. Kwa kikombe kimoja si neno. Kwa vikombe 12 tofauti inafika gramu 360, zaidi ya theluthi ya kilo, na theluthi ya kilo ya unga ndiyo inayotenganisha biskuti na tofali. Ongeza na hali ya hewa. Mwezi wa kumi na moja hapa, mashine za kupasha nyumba joto zikishawashwa, hewa ya ndani inakauka hadi midomo inapasuka, na unga uliokaa kabatini nao umekauka, unakunywa majimaji kwa pupa. Unga uleule mwezi wa saba umejaa unyevu. Mayai nayo yana ukubwa wake, mtindi una uzito wake. Mwandishi wa kadi hakusahau kipimo. Kipimo hakiwezekani, naye alikuwa mkweli kuliko vitabu.

Lakini hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilirudi getini nikamwambia, "Mama, zimeniharibikia." Wao huitana kwa majina ya kwanza, hata mtoto mdogo humwita mzee wa miaka 80 kwa jina lake tupu, na yeye alishaniambia jina lake mara kadhaa. Ulimi wangu unakataa. Mwanamke aliyemzidi mama yangu umri namwitaje kwa jina? Nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, na ameshazoea. Aliniuliza swali moja tu: donge lilikuwa linashikaje mwiko? Nikashindwa kujibu. Akanifungulia mlango.

Jikoni kwake kulikuwa na jiko la gesi lenye oveni, taa ya gesi, meza ndefu iliyosuguliwa hadi mbao zimekuwa nyeupe, na mashine ya kuchanganyia iliyoungwa kwenye bomba la hewa. Kwenye banda nyuma kuna injini ya dizeli inayosukuma hewa hadi jikoni, na hewa ndiyo inayozungusha mashine. Siku ile hakuitumia. Alichukua beseni, si bakuli, akaanza kwa mkono.

Alikuwa anaandaa kwa ajili ya ibada. Waamishi hawana majengo ya kanisa. Wanasali kila baada ya wiki mbili, kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na kuna gari maalumu la farasi linalobeba mabenchi kutoka kwa aliyemaliza zamu kumpelekea anayefuata. Kanisa moja linaweza kuwa na familia 30, na familia ya watoto sita au saba ni ya kawaida. Ibada inachukua kama saa tatu, kwa nyimbo za karne ya 16 zinazoimbwa taratibu mno, na katikati wadogo hupitishiwa biskuti ili watulie. Kisha wote wanakula pale pale. Kwa hiyo mwenye zamu anaposema anaoka, anaoka. Nilipoona gari la mabenchi limesimama uani nilijihisi niko nyumbani siku ya shughuli, pale ambapo kila anayepita njiani kabeba viti vya jirani kichwani, na masufuria makubwa ya kanisa yamelala kifudifudi yanasubiri.

Nikaelewa kwa nini kadi inaanza na vikombe 3 vya siagi na mayai 6. Sehemu nyingine watu hupika kidogo kisha wakiwa na wageni wanazidisha. Pale wingi ndio mwanzo. Nimejaribu kuigawa kadi kwa mbili, nimejaribu kwa tatu, na kila mara kuna kitu kinapungua: nusu kijiko cha magadi hakipimiki sawasawa, siagi kidogo inapata joto la mkono haraka na kuyeyuka. Sipendekezi kuigawa. Kama huna watu wa kuwalisha, watafute kwanza.

Alipofika kwenye unga aliniita nisogee. Alikuwa anauchekecha kwa konzi, anakoroga, anachekecha, anakoroga. Kufika mahali fulani akainua mwiko. Donge lilining'inia, likasita, likaanguka zima zima. Akaniambia niguse kwa ncha ya kidole. Lilinishika kidogo, likaniachia, kidole kikabaki safi ila na unyevu. "Sasa acha," akasema. Mimi niliona bado ni laini mno, nikamwambia. Akasema unga utaendelea kunywa usiku kucha, na ukingoja utosheke machoni pako sasa, kesho utakuwa umezidi.

Sikumjibu kitu kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuondoka pale jikoni. Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane, nimeshikilia beseni la maandazi, na bibi anaingiza mkono wangu kwenye unga chini ya mkono wake. Nilimuuliza unga kiasi gani. Akasema, "Wa kutosha." Nikamuuliza nitajuaje. Akasema, "Utakuambia." Nilinung'unika kwa mama kwamba bibi hataki kunifundisha, na niliamini hivyo kwa miaka mingi. Kumbe ndicho alichokuwa anafanya saa ile, mkono wake juu ya wangu. Nimemwomba msamaha bibi yangu katika jiko la watu, Pennsylvania, kimoyomoyo, mikono yangu ikiwa na unga.

Sasa niseme ninavyozioka mwenyewe. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, nilipewa kazi ya kuoka biskuti za sikukuu ya mavuno kanisani kwetu, kanisa la watu wanaosali kwa Kiswahili, wengi wao ndugu zetu kutoka Kongo ambao mji huu umewapokea kwa miaka mingi. Kadi moja nzima inatoa biskuti kama 150.

Siagi iwe laini, si ya kuyeyuka. Wazee wa Kiamishi walitumia mafuta ya nguruwe, na biskuti za mafuta hayo husifiwa kwa ulaini, lakini mezani kwetu huja pia majirani Waislamu, kwa hiyo kwangu ni siagi tupu, gramu 680. Ipige na sukari ya kahawia, kilo 1 na gramu 300, hadi ipauke na kuwa nyepesi. Usiharakishe hapa. Sukari ya kahawia ya huku ina unyevu wa molasi, ndiyo inayozifanya biskuti zibaki laini hata siku ya nne. Aliye Musoma au Kisumu akiponda sukari guru laini kabisa na kuchanganya nusu kwa nusu na sukari ya kawaida, atakuwa karibu. Mayai yaingie moja moja, kisha vanila.

Magadi soda yakorogee ndani ya mtindi, na uyaangalie. Mtindi una uchachu, magadi yakikutana na uchachu yanatoa hewa, na kikombe kinafura na kupanda hadi mdomoni. Ukishaona povu usiende kupokea simu. Mimina mara moja, ukipokezana na unga uliochanganywa na chumvi na bekingi pauda. Sehemu ya hewa ile ya kwanza itapotea donge likilala usiku. Bekingi pauda ndiyo inayongoja joto la oveni. Kwa hiyo vyote viwili vina kazi, usiache kimoja. (Kadi za zamani zaidi hutumia amonia ya kuokea, ambayo kwa Kijerumani inaitwa chumvi ya pembe za kulungu kwa kuwa zamani ilitokana na pembe hizo. Harufu yake ikiwa ndani ya oveni inatoa machozi, na inafaa kwa biskuti nyembamba tu, ambazo harufu inaweza kutoka yote. Hizi ni nene. Usijaribu.)

Unga mimi hupima kilo moja na nusu, nauweka pembeni, lakini siutii wote. Nikibakiza vikombe viwili naanza kuinua mwiko.

Donge hulala. Mwezi wa kumi na moja baraza yangu ya nyuma ni friji, nafunika beseni vizuri kwa sababu ya kindi na naliacha huko. Asubuhi naoka biskuti moja peke yake, moja tu, kwa nyuzi 375 za Fahrenheit, yaani 190 za Selsiasi, dakika kumi. Biskuti hiyo moja inakuambia yote. Ikitandazika kama chapati, ongeza konzi ya unga kwenye beseni. Ikisimama kama kichuguu, vijiko viwili vya mtindi. Hapo tena nasikia, utakuambia.

Jumamosi ile tulikuwa wanawake wanne. Mmoja anadondosha donge kwa kijiko, kiasi cha limau dogo, kumi na mbili kwa trei. Mmoja yuko mlangoni pa oveni. Mmoja anahamishia biskuti kwenye kitambaa. Trei kumi na tatu. Biskuti inatolewa ikiwa haijageuka rangi juu, pembeni tu ndipo pamepata wekundu kidogo, na mwenye woga ataona ni mbichi. Mama mmoja wa Bukavu alitaka kuzirudisha. Nikamwambia, "Mama, ziache, zinaendelea kuiva nje." Akakaa nazo dakika tano, akavunja moja, akaniambia, "Aksanti, nimeona."

Na sasa aisingi, ambayo kwangu ndiyo moyo wa habari yote. Siagi nyingine, gramu 340, inawekwa kwenye sufuria nzito juu ya moto mdogo. Inayeyuka, inatoa povu, inapiga kelele kama mvua ya mbali kwa sababu maji yake yanatoka. Kisha kelele zinakoma. Kimya hicho ndicho cha kuogopa: simama hapo, koroga, usigeuze uso. Punje za maziwa zilizo chini zinaanza kuwa za dhahabu, kisha kahawia, na harufu inajaa nyumba.

Wote wanne tulinyamaza. Kisha watatu tukasema neno moja kwa pamoja: samli.

Ndiyo ile ladha niliyoshindwa kuitaja wiki nzima. Bibi alikuwa akisukasuka maziwa kwenye kibuyu, mapajani, asubuhi nzima, hadi siagi inajitenga. Mtindi uliobaki tulikunywa sisi watoto. Siagi aliikusanya siku kadhaa, akaichemsha hadi ikawa samli, na ukoko wa kahawia uliobaki chini ya sufuria tuliupigania kwa vidole. Nimesafiri mbali kiasi hiki kukuta wanawake wanaoupaka ule ukoko juu ya biskuti.

Iondoe motoni ikifika rangi ya karanga zilizokaangwa. Mimina juu ya sukari ya unga, kilo 1 na gramu 100, tia vanila na chumvi kidogo, kisha maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga hadi iteleze. Inaganda haraka, kwa hiyo bakuli likae ndani ya sufuria ya maji ya moto na mpakaji asiwe mtu wa hadithi nyingi. Biskuti ziwe zimepoa kabisa. Binti mmoja aliuliza kama tutie iliki. Nilikataa. Naipenda iliki, lakini ina maandazi yake, na harufu hii haihitaji mwenzake.

Zikishakauka juu, baada ya saa moja hivi, zinapangwa kwenye ndoo za plastiki, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza, maana unyevu wa aisingi unashuka ndani. Jumapili ile hakikubaki kitu, ila mtoto mmoja alionekana nyuma ya kanisa na tatu mfukoni mwa koti, na aisingi imeshikana na kitambaa.

Nilikuwa nimezitenga kumi na mbili kabla ya wengine kufika. Jumatatu nilizipanga ndani ya chupa ya kioo ya mtindi, ile ya mdomo mpana, kwa sababu kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nilimkuta yule Mama wa Kiamishi uani anaanua nguo kwenye kamba ndefu inayopanda hadi juu ya ghala, upepo unazivuta, na mjukuu mmoja kajificha nyuma ya gauni lake. Aliipokea chupa akaiinua usawa wa macho, akazihesabu kwa kuangalia. Akafungua, akatoa moja, akaivunja katikati. Hakuonja. Alibonyeza ule upande uliovunjika kwa kidole gumba, ukabonyea, ukarudi polepole. Nusu akampa mtoto.

"Alhamisi natengeneza siagi," akasema. "Lete chupa kubwa zaidi."